Leseni 20 kwa Kompyuta 32: Uchambuzi wa Kisa cha Leseni za Mtandao katika Maabara za Pamoja

Usuli

Taasisi inayozungumziwa hapa ni chuo cha mafunzo ya kihandisi chenye maabara mbili za kompyuta zinazotumiwa kwa zamu na wanafunzi wa idara kadhaa. Maabara kubwa ina kompyuta 24 zenye Windows. Ile ndogo, iliyotengwa kwa wanafunzi wa miradi ya mwaka wa mwisho, ina kompyuta 8, baadhi zikiwa na Linux. Hakuna kompyuta yenye mwenyewe: mwanafunzi huketi penye nafasi, huingia kwa akaunti yake, hufanya kazi, kisha humpisha mwingine. Vitambulisho vyote vya chuo, vya mtengenezaji wa programu na vya watu waliohusika vimeondolewa.

Chuo kilinunua leseni 20 za mtandao kwa ajili ya programu ya usanifu wa kihandisi. Katika mpango wa aina hii programu yenyewe huwekwa kwenye kompyuta zote, lakini ruhusa ya kuitumia hukaa kwenye seva moja, yaani kompyuta inayozihudumia nyingine kupitia mtandao. Kila anayeifungua programu huchukua leseni moja kutoka kwenye seva, na anapoifunga leseni hurudi ili mwingine aitumie. Darasa kubwa kuliko yote lilikuwa na wanafunzi 18, na maabara ndogo haikujaa mara kwa mara, kwa hiyo waliofanya hesabu waliona kwamba 20 zingetosha. Hesabu hiyo haikuwa ya kizembe. Ilikosa jambo moja tu, nalo ndilo lililozaa karibu kila tatizo litakaloelezwa hapa: ilihesabu watu, ilhali seva ya leseni huhesabu vikao vilivyo wazi, na kikao huweza kubaki wazi muda mrefu baada ya mtu kuondoka.

Namna mfumo unavyofanya kazi

Programu hiyo ilitumia mfumo wa leseni wa FlexNet, ambao umejengwa ndani ya bidhaa za watengenezaji wengi, hasa wa programu za uhandisi na sayansi. Upande wa seva kuna programu mbili zinazofanya kazi pamoja. Ya kwanza huitwa lmgrd, nayo hupokea ombi la awali kutoka kwa kompyuta ya mtumiaji. Ya pili hutolewa na mtengenezaji wa bidhaa husika, nayo ndiyo inayotoa leseni, kuzihesabu na kuzipokea zinaporudi. Kila moja husikiliza kwenye poti yake, yaani mlango wa mawasiliano wenye namba maalumu, na msomaji anaombwa alikumbuke hilo kwa sababu litarudi muda si mrefu.

Leseni zenyewe zimeandikwa kwenye faili ya maandishi ya kawaida. Mstari wa SERVER hutaja jina la seva, kitambulisho chake, ambacho mara nyingi ni anwani ya MAC (namba ya utambulisho) ya kadi ya mtandao, na namba ya poti. Mstari wa VENDOR hutaja programu ya mtengenezaji. Mistari inayofuata hutaja kila sehemu ya bidhaa iliyolipiwa na idadi ya leseni zake, nayo imetiwa saini ya kidijiti, hivyo ukibadilisha idadi au tarehe ya mwisho saini haikubali tena. Jina la seva na namba za poti, kinyume chake, msimamizi anaruhusiwa kuzirekebisha. Kando ya faili hii huwekwa faili ya machaguo, ambayo si ya lazima, na ambamo msimamizi huandika taratibu zake mwenyewe: nani apewe kipaumbele, nani awekewe kikomo, na leseni isiyotumika inyang'anywe baada ya muda gani. Chuo kilianza kazi bila faili ya machaguo.

Mfululizo wa matukio

Fundi aliyepewa kazi aliiweka programu kwenye kompyuta moja ya mfano na kuifungua kwa akaunti yake. Dirisha lilimwuliza leseni inapatikana wapi, akaandika jina la seva, programu ikafunguka. Kisha alichukua nakala ya diski nzima ya kompyuta hiyo na kuisambaza kwenye kompyuta nyingine zote za Windows. Alipita akijaribu kompyuta kadhaa kwa akaunti yake ileile na kila mahali programu ilifunguka bila kuuliza chochote. Kazi ilionekana imekwisha.

Siku wanafunzi walipoingia, kila mmoja alikutana na lile dirisha la kuuliza mahali pa leseni. Wengine walikisia, wengine waliandika jina la kompyuta waliyoketia, wengine walifunga dirisha na kutangaza kwamba programu ni mbovu. Sababu ilikuwa kwamba jibu la fundi lilihifadhiwa kwenye akaunti yake, si kwenye kompyuta. Nakala ya diski ilibeba akaunti hiyo pamoja na jibu lake, na ndiyo maana majaribio yake yote yalifaulu. Kundi dogo la wanafunzi lilikuwa na tatizo la ajabu zaidi: programu yao ilikaa kimya kwa muda mrefu, kisha ikalalamika kuhusu seva ambayo haikuwapo tena. Hao walikuwa wametumia toleo la majaribio muhula uliotangulia, lililokuwa na seva yake. Kwenye Linux, mfumo wa FlexNet huandika seva iliyowahi kukubali katika faili iitwayo .flexlmrc ndani ya folda ya nyumbani ya mtumiaji. Kwenye Windows huandika katika sajili ya mfumo, yaani hazina ya mipangilio ya Windows. Kwa kuwa folda za nyumbani za wanafunzi wa Linux zilikaa kwenye mtandao, anwani ya seva iliyokufa iliwafuata kila walipohamia kompyuta nyingine, na kwa macho ya mtu wa nje ilionekana kana kwamba kompyuta zinaharibika moja baada ya nyingine.

Tatizo hilo liliporekebishwa, mfumo ulitulia hadi seva ilipozimwa na kuwashwa upya kwa ajili ya masasisho. Tangu hapo hakuna kompyuta hata moja iliyopata leseni, ingawa msimamizi alipokagua akiwa kwenye seva yenyewe kila kitu kilionekana kizima. Programu ya mtengenezaji, isipopangiwa poti maalumu, huchukua poti yoyote iliyo wazi kila inapoanza. Siku ya kwanza ukuta wa kinga wa seva, yaani programu inayozuia mawasiliano yasiyoruhusiwa, ulifunguliwa kwa poti ya lmgrd na kwa poti ambayo programu ya mtengenezaji ilikuwa imeiokota siku hiyo. Baada ya kuwashwa upya iliokota nyingine, nayo ilikuwa imefungwa kwa kompyuta zote isipokuwa seva yenyewe, ambayo mawasiliano yake ya ndani hayapiti kwenye ukuta huo.

Tukio la tatu ndilo lililofikishwa kwa uongozi. Katikati ya muhula wanafunzi walianza kupata kosa namba -4, ambalo maana yake ni kwamba idadi ya watumiaji iliyoruhusiwa imekwisha kufikiwa. Mwalimu alihesabu watu 11 ndani ya maabara kubwa na wachache katika ile ndogo, na bado seva ilisema leseni 20 zimekwisha. Pendekezo la kwanza lilikuwa kununua leseni zaidi. Msimamizi wa mifumo aliomba ununuzi usubiri hadi ijulikane leseni ziko mikononi mwa nani.

Kilichopatikana kwenye uchunguzi

Amri ya lmstat huonyesha kila leseni iliyotoka, jina la mtumiaji, jina la kompyuta na saa ilipochukuliwa. Orodha ilipolinganishwa na viti vya maabara, leseni zilizopotea zilipatikana katika makundi matatu.

Kundi kubwa lilikuwa la vikao vilivyoachwa nyuma. Mwanafunzi alifunga skrini na kwenda zake. Aliyemfuata alibonyeza chaguo la kubadilisha mtumiaji na kuingia kwa akaunti yake juu ya kikao cha mwenzake. Programu ya yule wa kwanza iliendelea kuwa wazi bila kuonekana, na leseni yake nayo. Kompyuta moja ilikutwa ikishikilia leseni 3. Mfumo wa FlexNet humruhusu mtengenezaji kuamua ni maombi yapi yahesabiwe kuwa ya mtu mmoja, na katika bidhaa hii mtumiaji yuleyule kwenye kompyuta ileile alihesabiwa mara moja hata akiifungua programu mara kadhaa. Watumiaji wawili kwenye kompyuta moja, hata hivyo, walikuwa leseni mbili.

Kundi la pili lilitokana na kompyuta zilizozimwa kwa kubonyeza kitufe au kuchomoa waya. Kompyuta ikizimwa hivyo haipati nafasi ya kuiarifu seva, nayo seva hubaki ikiamini kwamba mawasiliano bado yapo mpaka mfumo wa uendeshaji ugundue kwamba upande wa pili hauitikii. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux na ya Windows pia, uchunguzi huo wa mawasiliano yaliyo kimya huanza baada ya saa 2. Katika chuo chenye vipindi vya saa moja au mbili, huo ni muda wa kipindi kizima kupotea.

Kundi la tatu halikuwa na dosari yoyote. Lilikuwa la wanafunzi wa miradi walioacha programu ikifanya ukokotoaji mrefu, nao walikuwa na haki kamili ya kufanya hivyo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuhamisha anwani ya seva kutoka kwenye akaunti hadi kwenye kompyuta. Kila kompyuta iliwekewa kigezo cha mazingira cha ngazi ya mfumo, yaani mpangilio unaosomwa na programu za watumiaji wote wa kompyuta hiyo, kinachotaja poti na jina la seva, kwa muundo wa 27000@jina. Timu ilikataa kutumia kigezo cha jumla cha LM_LICENSE_FILE kwa sababu husomwa na kila programu inayotumia FlexNet kwenye kompyuta hiyo, na kompyuta kadhaa zilikuwa na bidhaa nyingine za mfumo huohuo. Badala yake walitumia kigezo kinachoanza kwa jina la programu ya mtengenezaji, ambacho husomwa na bidhaa zake pekee. Mabaki ya seva ya zamani yalifutwa kwenye folda za nyumbani na kwenye sajili. Jina lililoandikwa halikuwa jina halisi la seva wala anwani ya IP, bali jina la badala lililosajiliwa kwenye huduma ya majina ya mtandao, ili siku seva ikihamishwa pabadilishwe mahali pamoja tu.

Poti ziliwekwa bayana zote mbili, ya lmgrd kwenye mstari wa SERVER na ya programu ya mtengenezaji kwenye mstari wa VENDOR, kisha ukuta wa kinga ukafunguliwa kwa hizo tu. Tangu hapo ukaguzi wa seva hufanywa kutoka kwenye kompyuta ya maabara, kwa akaunti ya mwanafunzi isiyo na mamlaka yoyote.

Suala la kuwa na seva tatu lilijadiliwa. Mfumo huruhusu seva tatu zinazosaidiana, ambapo mbili lazima ziwe hai ili leseni zitolewe. Timu iliona kwamba mpango huo ungeongeza vitu vya kutunza kuliko ungepunguza hatari, kwa kuwa seva zote tatu zingekaa katika chumba kimoja na kutegemea umeme uleule. Walichagua seva pepe moja (seva ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine) yenye anwani ya MAC isiyobadilika, kwa sababu seva pepe inayonakiliwa huweza kupewa anwani mpya, na faili ya leseni ikakataa kufanya kazi hapo hapo.

Faili ya machaguo ilihitaji mjadala mrefu zaidi. Pendekezo la idara moja lilikuwa leseni 6 zitengwe kwa maabara ndogo kwa amri ya RESERVE, na likatekelezwa. Leseni iliyotengwa hivyo huondolewa kabisa kwenye fungu la wote, itumike isitumike. Matokeo yake maabara kubwa ilibaki na leseni 14 kwa darasa la watu 18, huku ile ndogo ikiwa tupu asubuhi nzima. Mtu alipendekeza amri ya MAX kama njia ya upole zaidi, yaani maabara kubwa iwekewe kikomo cha 14, lakini kwa mahali penye makundi mawili tu mpaka huo ni uleule kwa jina jingine. Utengaji ulipunguzwa hadi leseni 2, ukiwa dhamana kwamba mwanafunzi wa mradi hatakuta mlango umefungwa kabisa. Makundi yalipangwa kwa majina ya kompyuta badala ya majina ya watu, kwa kuwa wanafunzi hubadilika kila mwaka na kompyuta hubaki. Hapo palijitokeza mtego mdogo: majina katika faili hiyo hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na kompyuta za Windows zilijitambulisha kwa herufi kubwa, hivyo kanuni za mwanzo hazikumgusa mtu yeyote hadi mstari wa GROUPCASEINSENSITIVE ON ulipoongezwa.

Kurudisha leseni zilizotelekezwa kulifanywa kwa pande mbili. Kwenye seva iliwekwa TIMEOUTALL 3600, yaani leseni ya programu iliyokaa bure kwa dakika 60 irudi kwenye fungu. Kiwango cha chini ambacho bidhaa nyingi hukubali ni sekunde 900, na wapo waliotaka hicho. Timu ilichagua 3600 baada ya jaribio: leseni ikichukuliwa, mtumiaji akirudi programu huomba nyingine yenyewe, lakini ikiwa hakuna iliyobaki bidhaa hii humruhusu kuhifadhi kazi yake tu. Dakika 15 ni muda wa mwalimu kueleza jambo ubaoni, na isingekuwa haki mwanafunzi apoteze nafasi kwa sababu alikuwa akisikiliza. Kwenye kompyuta, chaguo la kubadilisha mtumiaji liliondolewa, na kikao chenye skrini iliyofungwa kikawekewa muda wa kutolewa chenyewe.

Matokeo

Malalamiko ya dirisha la kuuliza leseni yalikwisha kabisa, na seva imewashwa upya mara nyingi bila tatizo la poti kurudi. Kosa la -4 lilitoweka katika vipindi vyote vya kawaida. Lilibaki katika nafasi moja ya wiki, pale darasa kubwa lilipokutana na zamu ya wanafunzi wa miradi, na hapo kumbukumbu za seva zilionyesha upungufu wa kweli: leseni zote 20 zikiwa mikononi mwa watu waliokuwa wakifanya kazi. Ratiba ya kipindi kimoja ilisogezwa.

Hayakuwa mazuri yote. Kutolewa kwa vikao kwa nguvu kuliwapotezea wanafunzi kadhaa kazi ambayo hawakuwa wameihifadhi, mmoja wao karibu na tarehe ya kukabidhi mradi. Tangazo lilikuwa limebandikwa mlangoni, lakini kwenye skrini hapakuwa na onyo lolote kabla ya kikao kukatwa. Onyo liliongezwa baadaye, na muda ukarefushwa katika maabara ndogo.

Uchambuzi

Kilichosaidia kuliko vyote ni kusimamisha ununuzi hadi orodha ya lmstat isomwe. Leseni zaidi zingenyamazisha kosa la -4 kwa muhula mmoja au miwili, na vikao vilivyotelekezwa vingeongezeka mpaka kuzijaza nazo. Kwa maoni yangu ugomvi mwingi kuhusu leseni katika maabara za pamoja huanza kwa kuuliza "tunahitaji ngapi" kabla ya kuuliza "leseni inarudi lini, na nani anairudisha". Katika kompyuta ya mtu binafsi maswali hayo yana jibu moja, kwa kuwa mwenye kompyuta ndiye anayefungua na kufunga. Kwenye kompyuta ya pamoja anayefungua, anayeketi na anayezima huweza kuwa watu watatu tofauti.

Majaribio ya fundi yanastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu yalikuwa mengi na hayakupima kilichokusudiwa. Alibadilisha kompyuta lakini hakubadilisha akaunti. Msimamizi naye, siku ya tatizo la poti, alipima kutoka mahali pekee ambapo tatizo halikuwapo. Jaribio lenye maana katika mazingira haya ni la akaunti mpya kabisa, isiyo na mamlaka, kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuitumia, baada ya seva kuwashwa upya. Ni jaribio moja, na lingefichua matatizo yote mawili ya mwanzo kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuketi.

Utengaji wa leseni 6 ulishindwa kwa sababu ulijibu malalamiko bila takwimu. Wakati huo kumbukumbu za seva za wiki zilizotangulia hazikuwapo: faili ya kumbukumbu ilikuwa ikiandikwa upya kila seva ilipowashwa. Kuweka alama ya + mwanzoni mwa njia ya faili hufanya maandishi mapya yaongezwe chini ya ya zamani, na hili lilirekebishwa baadaye. Mistari ya OUT (leseni imetoka), IN (imerudi) na DENIED (ombi limekataliwa) iliyokusanywa tangu hapo ndiyo iliyoonyesha kwamba leseni 2 zinatosha kutengwa, na ndiyo iliyotenganisha upungufu wa kweli na ule wa bandia. Kuhifadhi kumbukumbu hizo kulipaswa kuwa jambo la kwanza kuwekwa, siku ileile seva ilipoanza kutoa leseni.

Kuhusu vikao kukatwa, uamuzi wenyewe naona ulikuwa sahihi na utekelezaji wake ulikuwa na upungufu. Leseni ikirudishwa na seva, kazi ya mwanafunzi hubaki wazi na anaweza kuihifadhi. Kikao kikikatwa na mfumo wa uendeshaji, kazi hupotea. Hatua hizi mbili zililetwa pamoja kana kwamba zina uzito mmoja. Ingefaa ile ya seva itangulie peke yake kwa wiki chache, ipimwe ni leseni ngapi inarudisha, ndipo ya pili ifikiriwe ikiwa bado inahitajika.

Jambo ambalo halijapatiwa ufumbuzi kamili ni ukokotoaji mrefu wa usiku. Bidhaa hii haihesabu ukokotoaji kuwa ni kukaa bure, kwa hiyo TIMEOUTALL haiwagusi wanafunzi hao, lakini kila mmoja wao hushikilia leseni hadi asubuhi. Kwa sasa kompyuta 2 za Linux katika maabara ndogo zimeruhusiwa kubaki na vikao usiku kucha, na anayetaka kuzitumia hujiandikisha kwa mhudumu wa maabara.